Kinachokaa Mapajani: Kufunga Mizigo ya Safari ya Dar es Salaam hadi Njombe

Swali: Shikamoo Mama. Ninaishi Tabata na nina mtoto mmoja. Katikati ya mwezi wa saba nitasafiri kwa basi kwenda Njombe kwenye harusi ya mdogo wangu, na tutakaa huko siku kumi. Nitakuwa na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 67, ambaye ana shinikizo la damu na kisukari anachotibu kwa insulini, pamoja na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane. Wakati wa Pasaka tulikwenda hukohuko nikafunga mabegi matatu makubwa. Nusu ya vitu havikuguswa, ilhali dawa za Mama zilikuwa katika begi lililowekwa kwenye buti. Tulikwama kwenye mlima Kitonga saa nyingi kwa sababu ya lori lililoharibika, na kondakta akasema begi letu liko chini ya mengine, haliwezi kutolewa. Naomba unieleze vitu vya lazima kubeba na vya kuacha. Kaka yangu anasema huenda akamkatia Mama tiketi ya ndege ya kurudi kutoka Songwe.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa harusi inayokuja. Umejijibu nusu ya swali bila kujua, kwa sababu kilichowasumbua Kitonga hakikuwa upungufu wa vitu. Dawa mlikuwa nazo. Zilikuwa hatua chache chini ya kiti chenu, na kwa saa zile zote ilikuwa sawasawa na kuziacha Tabata. Kwa miaka 19 nilikuwa muuguzi, na mingi kati ya miaka hiyo niliitumia kusindikiza wagonjwa wa rufaa waliokuja Dar es Salaam na kuwarudisha makwao, mara nyingi kwa basi na mara chache kwa ndege. Kazi hiyo ilinizoesha kukiuliza kila kitu swali moja kabla hakijaingia begini: nikikihitaji saa nane ya usiku tukiwa tumesimama porini, mkono wangu utakifikia? Vile ambavyo ni lazima nivifikie hukaa mwilini au mapajani. Vingine vyote, hata kama ni vya thamani, vinaweza kwenda kwenye buti.

Nami nilifundishwa na njia. Zamani nilikuwa nikimrudisha mzee mmoja kwao baada ya upasuaji, na barua yake ya rufaa, picha za eksirei na dawa za mwezi mzima nikaviweka katika sanduku jeusi la magurudumu nililolikabidhi kwa utingo kama abiria wengine. Tulipofika mwisho wa safari, utingo akanipa sanduku jeusi la magurudumu. Lilikuwa na mashati ya kiume na kamba za viatu. Mtu aliyeshuka Morogoro alikuwa amechukua la kwetu kwa nia njema kabisa, kwa sababu masanduku yale yalifanana kama mapacha. Lilirudi baada ya siku mbili, lakini usiku wa kwanza mzee yule aliumwa na mimi sikuwa na hata kidonge kimoja cha kumtuliza. Tangu hapo sanduku langu hufungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, na ndani yake hakuna kitu ambacho nikikikosa usiku mmoja mtu ataumia.

Kabla hujaandika orodha yoyote, hesabu mikono. Mko watatu, lakini mikono ya kubeba ni miwili tu, yako wewe. Mama anahitaji mkono wake wa kushika chuma cha ngazi za basi, na mtoto mwenyewe ni mzigo. Ukimshika mtoto kwa mkono mmoja, umebaki na mmoja. Ukimfunga mgongoni kwa mbeleko, mikono yote miwili iko huru lakini mgongo umekwisha tumika, na begi la mgongoni halina pa kukaa. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua idadi ya mabegi: begi moja la magurudumu la kwenda kwenye buti, begi dogo la kukatiza kifuani ambalo halitaondoka mwilini mwako, na kipochi cha Mama. Mabegi matatu makubwa yanahitaji mpagazi kila mnaposhuka, na pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, palivyo papana na penye ngazi na watu wengi, kumfuata mpagazi huku umemshika mzee na mtoto ni mtihani ambao huna sababu ya kuufanya. Jioni moja, wiki moja kabla ya safari, funga kila kitu, mfunge mtoto mgongoni, kisha tembea kutoka mlangoni hadi barabara kuu na kurudi. Ukilazimika kusimama ili kupumzika, punguza kitu na ujaribu tena. Kuna begi la nne, la zawadi, nalo nitalifikia.

Tuanze na dawa za Mama, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo wasafiri wengi wenye kisukari hukosea. Hesabu siku za safari, yaani kumi na mbili ukiweka ya kwenda na ya kurudi, kisha ongeza dawa za wiki moja. Lori likiharibika, harusi ikisogezwa au mtoto akiugua, hiyo wiki ndiyo itakayokuokoa. Vidonge vya shinikizo la damu vibaki katika pakiti zake zenye majina. Kuvimimina vyote ndani ya kichupa kimoja ili kuokoa nafasi humpa kazi ya kubahatisha daktari atakayemwona Njombe. Beba na nakala ya karatasi ya dawa au daftari la kliniki. Kama miongoni mwa vidonge hivyo kuna vile vinavyoongeza mkojo, muulize daktari wake kabla ya safari avinywe saa ngapi siku ya kusafiri, wala asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe. Wazee wengi huviacha kimyakimya asubuhi ya safari, na wengine hukataa hata kunywa maji, kwa hofu ya kuomba basi lisimame.

Insulini ina hadithi yake. Watu hudhani kwamba lazima isafiri ndani ya barafu, na kwa dhana hiyo huiharibu. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida, kwa hiyo chupa iliyogusana na barafu moja kwa moja kwa saa kadhaa ni ya kutiliwa shaka. Chupa au peni ambayo Mama tayari anaitumia huweza kukaa nje ya friji takribani wiki nne kwa aina nyingi za insulini, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiipige; kipeperushi kilichomo ndani ya boksi kitakueleza kuhusu aina yake yeye. Kwa hiyo kwa safari ya siku kumi chupa inayotumika haihitaji barafu kabisa. Chupa ya akiba ambayo haijafunguliwa, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, ndiyo inayohitaji ubaridi wa njiani.

Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, ile ya kubebea uji. Usiku wa kuamkia safari ijaze maji baridi ya friji uiache ipoe ndani. Asubuhi mwaga maji, ikaushe vizuri, viringisha insulini ndani ya kitambaa kikavu cha pamba, itie na ufunge mfuniko. Kama huna chupa ya namna hiyo, kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa, kikazungushwa nje ya kopo lililobeba insulini na kuachwa kipigwe na upepo, hupoza kwa kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi. Huko Dar es Salaam msiiweke dirishani mwa gari, wala ndani ya basi msiiweke sakafuni karibu na injini. Mkifika Njombe mtakuta shida imegeuka: chumba chenyewe kina ubaridi wa kutosha katika mwezi wa saba, na hatari ni mwenyeji mwema atakayeitia kwenye sehemu ya kugandisha nyama ndani ya friji lake. Mweleze mapema. Insulini ambayo kwa kawaida ni angavu kama maji ikiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, isitumike.

Pamoja na insulini ziende sindano za kutosha, mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake, na kopo gumu la plastiki lenye mfuniko la kutupia sindano zilizotumika. Iweke pia sukari yenyewe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hufa haraka zaidi kwa sukari kushuka kuliko kwa sukari kupanda, na basi ni mahali pazuri sana pa sukari kushuka, kwa kuwa muda wa chakula hauamuliwi na tumbo la abiria bali na ratiba ya dereva. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho katika baridi, au anajibu mambo yasiyoulizwa, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Hapo dereva aelekezwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie Mama pia asichome sindano ya insulini ya wakati wa chakula kwa sababu tu kondakta ametangaza kwamba mgahawa uko mbele. Achome sindano hiyo sahani ikiwa imeshafika mbele yake. Nimeona "mgahawa uko mbele" ikichukua saa moja na nusu.

Sasa suala la choo, ambalo kwa heshima hatulizungumzi, na matokeo yake mama zetu wanakaa na kiu siku nzima. Kuanzia Mbezi hadi Njombe ni takribani kilomita 700, na hata njia ikiwa nyepesi mtakuwa kitini kwa saa kumi na mbili hivi. Mahali pa kuchimba dawa hapachaguliwi na abiria, na katika zile kilomita 50 hivi ambazo barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi hakuna kushuka kabisa. Mwambie kondakta mapema, kabla basi halijatoka stendi na kabla hajachoka, kwamba una mgonjwa wa sukari ambaye atahitaji kusimama. Mara nyingi atakuelewa. Akiambiwa saa sita mchana kwa kelele, hatakuelewa. Mkatie Mama kiti cha upande wa njia, wala si cha dirishani, ili asilazimike kuwaruka watu. Katika begi la mapajani, lile la kukatiza kifuani, weka karatasi za chooni, kipande cha sabuni ndani ya kikopo, chupa ndogo ya maji ya kunawa, na noti na sarafu ndogondogo za kulipia choo, maana mlinzi wa choo hana chenji ya elfu kumi. Kisha anywe maji. Kila mnaposimama atembee, na kitini akunje na kukunjua vifundo vya miguu, kwa sababu kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne huongeza maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mwenye afya, ila Mama ana umri na maradhi.

Umeniuliza kitu cha lazima, nami nikilazimishwa kutaja kimoja baada ya dawa, nitataja khanga. Doti mbili. Khanga moja ni mbeleko, ya pili ni pazia mnaposhuka porini, ya tatu ni shuka mtoto anapolala, na ya nne ni taulo, kilemba, kifuniko cha kiti kilicholowa, au mto ikiviringishwa. Khanga nne zikikunjwa vizuri hazizidi unene wa taulo moja la kuogea. Wasafiri wa kisasa hununua vifaa saba vya kufanya kazi hizo, kila kimoja na mfuko wake, halafu wanaazima khanga ya jirani.

Kwa mtoto, nepi ni hesabu tu: moja kwa kila saa tatu za njiani, na nne za akiba. Nepi za siku nyingine zinauzwa Makambako na Njombe mjini, kwa hiyo usijaze begi kwa pakiti kubwa. Nguo za kubadilisha ziwe seti mbili mapajani, na fulana moja yako wewe, kwa sababu mtoto akitapika hatapika juu yake peke yake. Kona za Kitonga zinajulikana. Kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, mpe chakula kikavu na kidogo, wala si maziwa mengi, na mketishe upande ambao anaweza kuona mbele. Zamani tulibeba mifuko ya plastiki kwa ajili ya kutapikia. Mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na bahasha ya karatasi hulowa na kupasuka. Mimi hubeba kopo tupu la aiskrimu la lita mbili lenye mfuniko wake. Linafungika, halinuki, linaoshwa, na likiwa halijahitajika linabeba maandazi. Usibadilishe mpangilio huo kuwa kinyume.

Chakula cha njiani kiwe kile kisichoharibika kwa joto: maandazi, chapati kavu, ndizi mbivu, machungwa, biskuti zisizo na krimu. Wali wa nazi wa jana usiku, hata uwe mtamu namna gani, ukikaa kwenye joto la basi hadi saa saba mchana utawapa kazi wote watatu. Karanga usimpe mtoto wa umri huo, kwani humkaba. Beba pakiti mbili za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha au kutapika. Kila pakiti ni ya lita moja ya maji safi, na iliyobaki baada ya saa 24 inamwagwa. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji, hufanya kazi hiyo. Beba pia kadi yake ya kliniki na dawa yake ya homa pamoja na kipimio chake, kwa kuwa kijiko cha chakula cha mgahawani si kipimo cha dawa.

Chandarua mkiache nyumbani kwa safari hii. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Lakini malaria ya Dar es Salaam inaweza kusafiri nanyi, maana homa huanza siku saba au zaidi tangu mbu aume. Mtoto akipata homa huko, mwambie mhudumu wa afya kwamba mmetoka Dar es Salaam karibuni, na uombe kipimo. Pasipo kusema hivyo, katika baridi ile, homa huchukuliwa upesi kuwa ni kifua.

Baridi yenyewe, sisi watu wa pwani hatuielewi mpaka ituguse. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtaondoka kwenye joto la kuvaa khanga na kufika mahali ambapo usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Makosa ya kawaida ni kununua koti moja kubwa kama godoro, linalojaza nusu ya begi, ambalo mchana jua likitoka halivaliki. Nguo nyepesi tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti hilo: fulana ya mikono mirefu inayoshika mwili, sweta, na juu yake jaketi jembamba lisilopitisha upepo. Kwa Mama ongeza soksi jozi tatu, kwa sababu mgonjwa wa kisukari mwenye miguu iliyokufa ganzi hutembea peku sakafuni, au huisogeza miguu kwenye moto asihisi anaungua. Kwa mtoto, kofia ya sufu inayofunika masikio. Vyote hivi vinapatikana kwa mitumba Karume kwa bei nafuu kuliko dukani, na ukivikosa huko hutakwama, kwani masoko ya mitumba ya Makambako na Njombe yanaijua baridi yao.

Ninasisitiza nguo hizi kwa sababu nyingine. Watu waliokuja bila nguo nzito huomba jiko la mkaa liingizwe chumbani wakati wa kulala, na moshi wa mkaa usioonekana wala kunuka huua walio usingizini. Msilale nalo, hata kama mwenyeji anasema wamezoea.

Jaketi na kofia havitakiwi kukaa kwenye buti. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena kuanzia Oktoba 2023, na kama tiketi yenu ni ya usiku, kiyoyozi kitawapiga njia nzima na mtashuka alfajiri, wakati wa baridi kali kuliko wote, mkiwa mmevaa viguo vya Tabata na kusubiri begi litolewe. Kwa safari ya mchana viingie mapajani mnapoondoka Iringa. Ukiniomba ushauri, msafiri mchana. Mama atakula kwa saa zake, na ukihitaji duka la dawa utalikuta wazi.

Nyaraka hazina maneno mengi: kitambulisho cha taifa chako na cha Mama, kadi za bima ya afya, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, tiketi. Zipige picha kwa simu na umtumie kaka yako. Lakini simu huzima, na ninawajua watu wazima wasioikumbuka hata namba ya mume wao, hivyo andika namba tatu kwenye karatasi. Karatasi ya pili ni ya Mama peke yake: jina lake, maradhi yake, dawa na vipimo vyake, na namba yako na ya kaka yako. Iweke katika kipochi chake, nyuma ya kitambulisho. Pesa nyingi zikae kwenye simu, taslimu zigawe sehemu mbili, na sehemu ya Mama mwache aifunge mwenyewe kwenye pindo la khanga kama alivyozoea. Sijawahi kumsikia bibi aliyeibiwa pindo.

Kama kaka atatimiza ahadi ya ndege, mambo mawili hubadilika. Insulini iende na Mama ndani ya ndege, isiwekwe kwenye begi linalopelekwa chini, ambako baridi ya angani inaweza kuigandisha. Na pawabenki, kama anayo, nayo lazima iwe mkononi, kwa kuwa betri za namna hiyo haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ile ya mAh 20,000 ina takribani 74, kwa hiyo haina tatizo. Sindano zake ziwe pamoja na karatasi ya daktari, aionyeshe kabla hajaulizwa.

Sasa begi la zawadi. Haiwezekani kwenda harusini mikono mitupu, na haiwezekani kurudi Dar es Salaam kutoka Njombe bila viazi, parachichi na majani ya chai. Chukua begi la shangazi kaja, jepesi, lijaze nazi, dagaa, mchele, na vitenge vya bibi harusi, na lipelekwe kwenye buti bila wasiwasi, maana likipotea mtasikitika lakini hamtaumwa. Zawadi zikishatolewa, begi hilohilo litakunjwa hadi siku ya kurudi. Andika juu yake jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Mkiletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa kurudi nao, ukataeni kwa upole: unaendelea kuchacha ndani ya dumu, gesi inajaa, na dumu likipasuka kwenye buti, abiria wote watajua ni la nani.

Vya kuacha ni pasi, mto, blanketi, taulo kubwa, viatu vya tatu, losheni ya chupa kubwa, na vile vyombo vya chakula vyenye thamani ambavyo utatumia safari nzima kuvilinda. Dhahabu ya harusini ivaliwe harusini na isafiri mwilini, ndani ya nguo. Ulisema nusu ya vitu vya Pasaka havikuguswa. Kama unavikumbuka, orodha yako ya kuacha ni sahihi kuliko yangu.

Limebaki jambo moja, la asubuhi ya kuondoka. Begi la mapajani utalifunga usiku, lakini insulini ya akiba itabaki kwenye friji hadi dakika ya mwisho, na saa kumi alfajiri, mtoto akilia na bajaji ikipiga honi getini, kitu kilicho ndani ya friji hakina mtu wa kukikumbuka. Usitegemee kumbukumbu wala kengele ya simu. Kabla ya kulala, chukua kiatu chako kimoja, kile utakachosafiri nacho, kifunge ndani ya mfuko safi, kisha kiweke kwenye friji kando ya insulini.